Kidole Gumba cha Radhia

Mpaka anafika miaka arobaini na mbili, Radhia binti Habib alikuwa ameingia ofisi ya serikali mara moja tu, siku ya kuandikisha kitambulisho. Siku hiyo alipakwa wino vidole vyote kumi, akarudi nyumbani akavisugua kwa majivu hadi alasiri. Hakujua kwamba kimoja katika vile kumi kingekuja kumweka mahali pagumu, hata sisi jirani zake tukagawanyika, wengine tukimwita mjinga na wengine tukinyamaza.

Alizaliwa hapa hapa Gongoni, nyuma ya msikiti. Babake, mzee Habib, alikuwa akipakia magunia ya chumvi kwenye malori. Radhia alisoma hadi darasa la saba, akaacha mamake alipougua, na alipofika miaka kumi na tisa akaingia kwenye chumvi naye.

Asiyeijua kazi hii nitamweleza kwa ufupi. Maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana, jua likayakausha, na chumvi ikabaki chini kama ukoko wa wali. Wanawake huingia miguu mitupu na reki na karai, wakaikwangua na kuirundika. Maji yale ni makali. Hula nyayo, hula kucha, na mtu akishafanya mwaka mmoja hula hata ile mistari ya vidoleni, ncha zikawa laini, zang'aa. Hakuna kati yetu aliyelijali hilo. Mtu na mistari ya vidole wapi na wapi?

Radhia aliolewa na Mbaruk, mtu mrefu, mpole, mwenye kuendesha bodaboda kati ya Gongoni na Marereni. Zaidi ya kazi ya bodaboda, Mbaruk alikuwa askari wa akiba. Askari wa akiba si polisi. Ni mtu wa kijiji kama wewe, aliyepewa bunduki na koti la kijani, akaitwa pale polisi wanapotaka mtu anayezijua njia na watu wake. Mshahara hana. Wenzake wa stejini walikuwa wakimtania.

"Mbaruk, leo serikali imekulipa nini?"

"Imenilipa salamu," hujibu, na kuwasha pikipiki yake.

Alifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja. Katika ndoa yao walipata mtoto mmoja aliyeishi, Raiya, mwenye kupenda hesabu, na Mbaruk aliweka nadhiri kwamba mtoto huyo hatakanyaga chumvi. Raiya alipofaulu na kuitwa shule ya bweni, Mbaruk alimpeleka mwenyewe kwa pikipiki, sanduku limefungwa nyuma kwa mpira, mtoto katikati.

Mwaka ule wa mvua nyingi mto Sabaki ulifurika ukaingia vijijini. Asubuhi moja Mbaruk aliitwa kuwasaidia polisi kuwavusha watu. Walivusha safari mbili salama. Ya tatu mtumbwi ulipinduka karibu na ukingo. Mbaruk alimsukuma mama mmoja mtu mzima akashika tawi, kisha yeye mwenyewe hakuonekana tena mpaka kesho yake. Tulimzika siku hiyo hiyo, Mungu amrehemu. Yule mama yuko hai, na kila Ijumaa humwombea.

Zamani askari wa akiba akifa, familia yake ilipewa shuka, gunia la mchele na hotuba. Lakini mwezi mmoja baada ya maziko chifu aliita baraza akasoma barua. Ulikuwa umetoka mpango mpya: askari wa akiba akifa kazini, walioachwa nyuma wahesabiwe kama jamaa wa askari wa kawaida. Mjane apate kifuta machozi cha kila mwezi, na mtoto alipiwe shule mpaka amalize chuo. Watu walipiga makofi. Wanawake walimtazama mama yake Mbaruk, naye akajifuta macho kwa leso.

Sharti lilikuwa moja. Mjane afike mwenyewe ofisini Malindi, na kitambulisho chake, aweke kidole gumba kwenye mashine, kabla hazijatimia siku tisini tangu kifo.

Radhia alikuwa amekaa eda. Kwetu mjane aliye ndani ya eda twamwita kizuka. Hukaa chumbani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hatoki, wala hazungumzi na wanaume wasio wake. Siku ya hamsini na tatu tulikuwa chumbani kwake wanawake watano. Raiya, aliyekuwa amekuja nyumbani kwa likizo fupi, alituhesabia.

"Siku tisini, na mama anatoka eda siku ya mia na thelathini. Zinapungua arobaini."

"Basi waambiwe wangoje," akasema mama yake Mbaruk.

"Nani wa kuwaambia, bibi? Ni karatasi."

"Karatasi imeandikwa na mtu, na huyo mtu ana mamake. Ajua eda ni nini."

Dorcas, Mgiriama aliyekwangua chumvi pamoja na Radhia tangu usichana wao, alikuwa ameleta mihogo na amekaa mlangoni. Yeye ni mtu wa kanisa.

"Niulize, msinicheke," akasema. "Huyo Mulungu wenu yuko Gongoni pekee? Malindi hafiki?"

"Dorcas, usitufanyie mzaha."

"Si mzaha, mama. Nauliza nijue."

"Mwanangu hajamaliza miezi miwili kaburini," akasema mama mkwe, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Leo mkewe aonekane stendi ya Malindi, makanga wanamvuta huku na huku? Watakaoulizwa ni nyinyi? Nitaulizwa mimi."

Hakuna aliyesema twende tukamwulize maalim. Nalisema hili bila kumlaumu mtu, kwani nami nilikuwemo. Tulidhani twajua. Mama zetu walikaa hivyo, na nyanya zetu, mlango umerudishwa, na hatukuwahi kusikia kwamba yuko mtu aliyeuliza.

Zakiya, dadake Radhia mkubwa, alikuwa ameegemea ukuta. Yeye huishi mtaa wa Barani, Malindi, akiuza achari na kashata nyumbani kwake, na hana staha ya kunyamaza.

"Nipe kitambulisho chako," akasema.

"Cha nini?" akauliza Radhia.

"Nipe tu. Uso wetu ni mmoja. Mamangu mwenyewe alikuwa akinichapa kwa makosa yako."

Tukacheka. Zakiya akaitazama ile picha ya miaka ishirini iliyopita. "Huyu hata si wewe wala si mimi. Ni mtoto fulani mwenye hofu."

"Mama mkubwa, wanataka kidole," akasema Raiya.

"Kwani mimi sina?"

Radhia akainua uso. "Dada, hilo si sawa."

"Lipi si sawa? Mume alikuwa wako, na amekufa kweli. Mtoto ni wako, huyu hapa kweli. Siendi kuiba. Nakupelekea mwili tu, wewe kaa na eda yako."

Mama yake Mbaruk hakusema ndiyo wala la. Radhia naye akanyamaza. Baadaye aliniambia kwamba katika mambo yote yaliyopita, hajilaumu kwa jambo lingine kama kule kunyamaza.

Zakiya akenda. Alirudi siku ya pili yake na mfuko wa kashata, akaketi, akavua viatu kama ilivyo desturi yake kila akikaa.

"Jamani, nimekuwa mjane nusu saa. Nimelia hata karani akaninunulia maji ya chupa."

"Umelia kweli au umejiliza?" akauliza Dorcas.

"Nilimkumbuka Mbaruk, nikalia kweli. Kilichokuwa cha uongo ni jina."

Mashine ya siku ile ilikuwa ya kuandikisha tu. Ilipokea kidole cha Zakiya, ikaandika jina la Radhia, basi. Sote tukamshukuru Mungu, na nadhani tulimshukuru kwa jambo ambalo hakulifanya yeye.

Siku zikaenda. Raiya akarudi shule, akamaliza muhula, akaja nyumbani. Muhula wa tatu ulipofunguliwa alibaki, kwani karo ya nyuma haikuwa imelipwa na babake hayupo. Mwalimu mkuu wa kike, mtu muungwana, alituma neno kwamba kitanda chake atakiweka mpaka katikati ya mwezi wa kumi. Kikipita hapo atampa mtoto mwingine aliye katika orodha.

Kuna jambo dogo lilitokea kabla eda haijaisha. Dorcas alikuja akiwa ametoka mabwawani, mikono yake imechanika. Akaushika mkono wa Radhia akaugeuza.

"Hee! Tazameni mikono ya bibi harusi! Umeota ngozi mpya, we. Hebu ona, una mistari."

Radhia akavitazama vidole vyake. Miaka ishirini na tatu alikuwa hajaiona ile mistari. Miezi karibu minne bila maji ya chumvi, nayo ilikuwa imerudi, imejipanga vizuri, ikizunguka katikati ya kidole gumba.

"Sikujua kama hurudi," akasema.

"Hurudi ukifiwa," akasema Dorcas, kisha akaona amesema vibaya, akaomba radhi.

Eda ikaisha. Radhia akaoga, akavaa nguo zake, akatoka. Wiki mbili baadaye ujumbe uliingia kwenye simu: jina limekubaliwa, mjane afike Malindi na barua ya shule, athibitishe kidole, kama atakavyofanya kila mwanzo wa muhula, apewe cheti cha kupeleka kwa mwalimu mkuu. Zilikuwa zimebaki siku tisa kitanda cha Raiya kitolewe.

Walikwenda wawili, Radhia na Zakiya. Mpango wao, kama waweza kuitwa mpango, ulikuwa kwamba Radhia aingie na uso wake, na mengine Mungu atayasahilisha. Wala hawakuwa wamefikiri kwamba mashine huweza kukumbuka. Zakiya alibaki kwenye benchi la nje.

Karani aliyekuwa mezani anaitwa Odera, kijana wa bara, mwenye adabu. Alimwamkia shikamoo, akamvutia kiti. Radhia akaweka kidole. Mashine ikatoa taa nyekundu.

"Rudia, mama. Bonyeza kidogo."

Nyekundu. Odera akakifuta kioo kwa kitambaa. Nyekundu tena. Akachungulia kwenye kompyuta, akachungulia faili, akatabasamu.

"Mama Raiya, wewe unatoka Gongoni? Unafanya kazi ya chumvi?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Basi usijali. Hiyo ndiyo shida. Watu wa Gongoni wote hii mashine inawakataa. Juzi kulikuwa na mzee hapa, vidole kumi, hakuna hata kimoja kilisoma." Akavuta droo, akatoa karatasi. "Kuna fomu. Unaweka sahihi hapa kwamba kazi imeharibu alama za vidole. Chifu anagonga muhuri, tunaendelea bila mashine. Kesho kutwa mtoto anakuwa darasani."

Akaiweka ile fomu mbele yake, na kalamu juu.

Radhia akakitazama kidole chake. Mistari ilikuwa wazi, hata asiye na miwani angeihesabu. Chumvi haikuwa na kosa. Mashine ilikuwa imekisoma vizuri kabisa, na ilikuwa ikisema kweli tupu, kwamba aliyekaa hapa leo si yule aliyekaa hapa siku ile. Odera, aliyewazoea watu wa Gongoni, hakufikiria kumshika mkono mwanamke mtu mzima amwangalie vidole.

"Naomba nikanawe mikono, mwanangu," akasema.

Akatoka nje. Zakiya alikuwa amevua viatu, anatafuna ubani. Radhia akamweleza.

"Alhamdulillahi!" Zakiya akapiga paja. "Mungu ametufungulia. Sema chumvi."

"Si chumvi, dada."

"Miaka ishirini na tatu umeikwangua. Nani atakayekwambia si chumvi?"

Radhia akamnyooshea kidole gumba karibu na uso. Zakiya akakitazama, akaacha kutafuna.

"Wajua watanifanya nini mimi?" akasema kwa sauti ya chini. "Nimejifanya mtu mwingine mbele ya serikali. Hilo si kosa la kulipa kuku."

"Najua."

"Na Raiya? Siku tisa."

"Najua, dada."

"Basi wajua yote na bado wanisimamia hapa."

Radhia akaketi kando yake. "Kila muhula watataka kidole. Muhula huu nitasema chumvi. Muhula ujao nitasema chumvi. Mpaka mtoto amalize chuo mimi ni wa kusema chumvi, na kila nikisema nitaandika jina la Mbaruk juu yake. Yeye kila alipozirudisha risasi alizopewa, hata moja haikuwahi kupungua."

Mtu akapita na mkokoteni wa maji, akapotelea kona. Kisha Zakiya akautoa ubani mdomoni, akaufunga katika kipande cha karatasi.

"Ngoja nivae viatu," akasema. "Huingii peke yako ukanitaja vibaya. Nikitajwa, nitajwe nikiwepo."

Wakaingia. Radhia ndiye aliyesema, akiwa amesimama, maneno machache. Kwamba siku ile alikuwa ndani ya eda na hakuja. Kwamba aliyekuja ni huyu dadake. Kwamba hiki kidole kimepona, na kilichomo mle ndani ya mashine si chake.

Odera akaiweka kalamu chini. Akawatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayelinganisha picha.

"Mama," akasema, "mngeniacha tu na chumvi yangu."

"Ndivyo nilivyomwambia," akasema Zakiya.

"Sasa nimesikia. Siwezi kufanya kama sijasikia."

Akaenda kumwita mkubwa wake. Bi Gladys alikuwa mama wa makamo, nywele zimefungwa, miwani imening'inia kifuani. Aliwasikiliza bila kukunja uso wala kuukunjua. Aliwaambia kwamba hilo ni kosa la jinai, na kwamba yeye hana uwezo wa kulifuta, ana uwezo wa kuliandika tu jinsi lilivyo. Zakiya aandike maelezo yake. Radhia alete barua ya kiongozi wa dini yake kueleza eda ni nini na kama kweli ilimzuia kufika. Faili litakwenda kwa wakubwa. Mpaka litakaporudi, hakuna cheti.

"Na mtoto wangu?" akauliza Radhia. "Kitanda chake kina siku tisa."

Bi Gladys akavaa miwani, akaivua. "Barua ya shule ninayo hapa, nimeiona. Faili halirudi kwa siku tisa, mama. Sikudanganyi."

Kesho yake walikwenda kwa maalim wa msikiti wetu, Radhia, Zakiya na mama yake Mbaruk. Maalim aliwasikiliza, akauliza maswali mawili matatu.

"Mngekuja kwangu," akasema mwishowe. "Kizuka akiwa na haja ambayo mwengine hawezi kumtimizia, aruhusiwa kutoka mchana, kwa stara yake, na kurudi nyumbani kwake kabla ya usiku. Haja ya mtoto yatima ni haja. Ungekwenda Malindi siku yoyote, binti yangu, na eda yako ingekuwa salama."

Zakiya, yeye wa maneno, alikuwa akikunja pindo la buibui lake na kulikunjua.

"Sisi tulirithi hivyo," akasema mama yake Mbaruk. "Mimi nilikaa hivyo. Hata dirisha sikulisogelea."

"Ulikaa kwa heri, mama, na malipo yako yapo kwa Mungu. Lakini kuuliza hakukatazwi."

Maalim akaandika barua, akaeleza yote mawili: kwamba sheria haikumfunga, na kwamba watu wa nyumbani walidhani imemfunga, tena kwa nia njema. Mama yake Mbaruk akaiomba aishike yeye. Siku ya kuipeleka Malindi alikwenda mwenyewe, mzee wa miaka sabini na tatu, akasimama mbele ya meza ya Bi Gladys na kukataa kiti.

"Aliyemzuia ni mimi," akasema. "Andika jina langu. Hawa wawili ni watoto."

"Watoto wa miaka arobaini, mama?" akauliza Bi Gladys.

"Kwangu ni watoto."

Bi Gladys akaandika.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Raiya alipoambiwa alikaa siku tatu hasemi na mamake. Siku ya nne alisema, akiwa anapepeta mchele, bila kuinua kichwa.

"Mama, chumvi ilikuwa inatosha."

"Ilikuwa inatosha," akajibu Radhia.

"Ungesema neno moja tu."

"Ningesema neno moja leo, na wewe ungelisomea miaka sita."

Raiya akaendelea kupepeta. Sidhani alikubali siku ile. Mtaani pia wako waliosema kwamba Radhia ameuza shule ya mwanawe ili yeye aonekane mwema. Mmoja alimwambia usoni, dukani, mbele ya watu, na Radhia akachukua mafuta yake na chenji yake akaondoka. Katikati ya mwezi wa kumi kitanda kikapewa mtoto mwingine. Sanduku la Raiya lililobaki kule lilirudishwa na bodaboda, rafiki wa marehemu, aliyekataa nauli.

Zakiya kwa wiki sita aliishi na mkoba mlangoni. Ndani alikuwa ametia leso mbili, mswaki, mswala na chupa ya achari, ili polisi wakija kumchukua wasimkute hajajiandaa.

"Achari ya nini jela?" Dorcas alimwuliza.

"Chakula cha jela hakina chumvi, nasikia," akajibu. Hapo ndipo Radhia alipocheka kwa mara ya kwanza tangu masika.

Faili likarudi mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja. Ombi la kwanza limefutwa. Zakiya ameonywa kwa maandishi, na onyo hilo litakaa katika rekodi. Ombi jipya limepokelewa kwa kuchelewa kwa sababu iliyoelezwa, na msaada wahesabiwa kuanzia siku ya kuandikishwa upya. Miezi ya nyuma imepotea. Radhia alipoitwa kuandikishwa alikwenda asubuhi mapema. Odera akamwamkia, akamvutia kiti, na safari hii akamwomba kwanza amwonyeshe kiganja.

"Aa," akasema. "Hiki sasa ni kidole."

Radhia akakiweka kwenye kioo. Taa ya kijani mara ya kwanza.

Raiya alianza kidato cha tatu upya mwezi wa kwanza, katika shule ya kutwa hapa karibu, ambayo haina maabara ya maana na vyoo vyake ni vya kuhurumia. Karo yake hulipwa. Ni wa kwanza darasani katika hesabu, na hulalamika kuhusu mwalimu wa kemia. Yeye na mamake huzungumza vizuri, ingawa lile neno la chumvi hawajalirudia.

Radhia naye alirudi mabwawani, kwani kifuta machozi ni cha kufuta machozi tu. Lakini kila mwanzo wa muhula lazima aende Malindi akakiweke kile kidole, na maji ya chumvi hayana huruma. Kwa hiyo alikata kidole kimoja cha glavu nyekundu ya mpira, hukivaa kwenye gumba la mkono wa kulia, akakifunga kwa uzi wa gunia. Vidole tisa vimekuwa laini tena kama zamani. Akiinama na reki yake kile kimoja chekundu huonekana toka mbali.

"Radhia!" wenzake humwita kutoka bwawa la pili. "Kidole cha serikali hakijambo?"

"Hakijambo," hujibu, "kinakusalimuni."

Na huendelea kukwangua. Adhuhuri ikiadhiniwa hutoka pembeni ya bwawa, hufungua ule uzi, huvua kile kimpira, akatia udhu.